Chemsha bongo ya mubashara ambayo mtazamaji anajibu akiwa nyumbani: tuijenge na kuipima vipi hapa Uganda?

#1 Mpangaji_Mbarara
Wandugu, hamjambo. Kuna kipindi cha chemsha bongo cha dakika 45 kinachoandaliwa kwa kituo kimoja cha TV cha mkoa, mubashara, saa mbili usiku. Watazamaji wajibu maswali wakiwa nyumbani, na hesabu ya majibu ionekane kwenye skrini kabla swali halijapoa. Katikati iwepo sehemu ya kusoma maoni yao. Mfadhili anataka apu. Naomba ushauri kwa mambo matatu: njia ya kupokea majibu, namna ya kuweka maelekezo kwenye picha, na utafiti wa kufanya kabla hela haijatumika. Mseme kwa tarakimu kama mnazo.

#2 Sebuleni
Karibu kaka. Kabla ya njia ya kupokea majibu, amueni kwanza mtumiaji wenu ni nani. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kochi na simu yake mkononi. Hapa kwetu saa mbili usiku skrini ya inchi 24 au 32 inatazamwa na watu watano, pengine na watoto wa jirani mlangoni, na kati yao simu yenye bando ni moja au mbili. Anayeshika rimoti si lazima awe anayeshika simu. Mwingine yuko jikoni, anasikia bila kuona.

Kwa hiyo anayejibu ni chumba kizima. Watu wanabishana, wanakubaliana, mmoja anatuma. Ukijenga apu ya kila mtu kujisajili kwa jina na neno la siri, umeua ubishi huo, na ubishi ndio utamu wenyewe wa kipindi. Jengeni jibu la nyumba: simu moja, jibu moja, na jina ambalo nyumba imejichagulia, kwa mfano "Wa Kakoba Juu". Hata maswali yaandikwe kwa ajili ya kundi. Swali ambalo mtoto wa P6 (darasa la sita la msingi) analijua na baba halijui, na jingine la babu peke yake, linaleta maneno mengi sebuleni kuliko swali gumu la mtu mmoja.

Huu si ugeni Uganda. Kwenye vibanda vya video VJ anatafsiri filamu kwa Luganda huku anaongeza maneno yake na ukumbi unamjibu. Redioni kulikuwa na bimeeza, mijadala iliyorushwa mubashara kutoka baa za Kampala hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009. Watu wetu wanajua kushiriki. Tatizo huwa ni mlango tunaowafungulia.

#3 Lango_USSD
Nakubaliana na Sebuleni, naongeza hesabu.

USSD, yaani ile huduma ya kupiga msimbo wa nyota na reli (* na #), inafanya kazi kwenye simu yoyote, hata katochi (kale kasimu kadogo ka vitufe), bila bando. Ujumbe mmoja wa USSD una nafasi ya herufi 182 tu, kwa hiyo swali lisomwe kwenye TV na menyu iwe na namba za majibu peke yake. Shida kubwa ni kishindo. Tuseme mkataba wenu na mtoa huduma unaruhusu maombi 100 kwa sekunde. Mtu akipiga namba ni ombi la kwanza, akichagua jibu ni la pili. Mnapokea watu 50 kwa sekunde, yaani 3,000 kwa dakika. Mtangazaji akisema "pigeni sasa!" na watu 10,000 wakapiga ndani ya dakika moja, 7,000 wanaona "hitilafu ya mtandao", na wengi wao hawarudi wiki ijayo.

Dawa ya kwanza: jibu liingie kwenye namba yenyewe. Badala ya kupiga msimbo na kungoja menyu, skrini inaonyesha misimbo minne, inayoishia *1#, *2#, *3# na *4#. Ombi ni moja, uwezo unapanda hadi 6,000 kwa dakika bila kuongeza shilingi. Waulizeni MTN na Airtel, kila mmoja kwa upande wake, kama lango lao linawapitishia mfuatano mzima au linaukata baada ya msimbo mkuu. Msidhani wanafanana.

Dawa ya pili ni kubipu. Kila jibu lina namba yake ya simu, mtu anabipu, mfumo unakata bila kupokea na kuhifadhi namba iliyopiga. Mtazamaji halipi kitu. Lakini laini ya E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja) ina njia 30 za sauti, na kila bipu inashika njia kama sekunde 3 hadi ikatwe, kwa hiyo ni simu 10 kwa sekunde, 600 kwa dakika kwa E1 moja. Kwa kituo cha mkoa inaweza kutosha mkiacha dirisha la kupokea majibu wazi dakika mbili. Kwa kituo cha taifa haitoshi.

SMS iwe akiba. Ikifika saa ya msongamano inaweza kuchelewa, hivyo pimeni muda kwa mhuri wa kituo cha SMS cha mtandao, si wakati ilipoingia kwenye seva yenu. Na kuna mtego wa herufi kwa ujumbe mnaowatumia watu. SMS ya kawaida ni herufi 160, lakini ikiwamo herufi moja tu iliyo nje ya alfabeti ya GSM inashuka hadi 70. "ŋ" ya Luganda iko nje. Ile alama ya juu iliyopinda ambayo kompyuta inaiweka yenyewe kwenye "ng’ombe" nayo iko nje. Andikeni ng' kwa alama iliyonyooka, la sivyo mtalipia ujumbe mara mbili bila kujua kwa nini.

#4 Kijana_wa_Ntinda
Heshima kwenu wakubwa, lakini kwa nini tusitumie HbbTV, ile teknolojia inayounganisha matangazo ya TV na intaneti? Unabonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, maswali yanatokea pale pale, hakuna cha simu. Ulaya wanayo tangu 2010.

#5 AntenaKololo
Swali zuri. HbbTV ni kiwango kizuri, na toleo lake la pili lina hata utaratibu wa kuoanisha TV na simu. Lakini kinahitaji mambo matatu kwa pamoja: king'amuzi chenye programu hiyo ndani, intaneti iliyofika kwenye TV, na taarifa maalumu iliyopachikwa ndani ya mawimbi. Ving'amuzi vya bei nafuu vya DVB-T2 (dijitali ya antena) vilivyoingia nyumbani tulipohamia dijitali mwaka 2015 vingi havina programu hiyo. Vya kulipia vimefungwa na kampuni zake. Na kituo chenu hakirushi mawimbi chenyewe, kinapeleka picha kwa msambazaji, Signet, ambaye ndiye mwenye kifurushi cha chaneli. Kupachika kitu humo kunahitaji yeye akubali. Kwa kipindi kimoja cha mkoa, acheni.

Sasa jambo ambalo naona halijaguswa na ndilo linaloharibu vipindi vya namna hii: kuchelewa kwa picha. Watazamaji wenu hawaoni swali kwa wakati mmoja. Mwenye antena analiona kwanza au karibu na kwanza. Mwenye dishi analiona muda tofauti, kwa sababu mawimbi yanapanda hadi setilaiti kilomita 36,000 na kushuka (hiyo yenyewe ni kama robo sekunde), na usindikaji wa kampuni unaongeza zaidi ya hapo. Anayetazama kwenye simu kupitia intaneti ndiye wa mwisho. Mtiririko wa HLS (njia ya kurusha video mtandaoni kwa vipande vifupi) wenye vipande vya sekunde 6 huanza kuchezwa ukiwa nyuma vipande vitatu, yaani sekunde 18 kabla hujahesabu usimbaji na mtandao. Ndiyo maana jirani anashangilia goli wakati kwako mpira uko katikati ya uwanja.

Pimeni hivi. Studio iweke saa yenye sekunde na sehemu za kumi kwenye pembe ya picha, kompyuta yake ikichukua muda kwa NTP (huduma ya intaneti ya kulinganisha saa). Nyumbani, shika kando ya TV simu yenye saa iliyooanishwa kwa NTP, kisha simu ya pili ipige picha zote mbili pamoja. Tofauti kati ya saa hizo mbili ndiyo kuchelewa. Rudieni kwa antena, kila kampuni ya dishi, na mtiririko, siku tofauti.

Tuseme mmepata sekunde 4 kwa antena na 28 kwa mtiririko. Swali lina sekunde 20 za kufikiri. Saa ya kurudi nyuma iwe ndani ya picha, ili kila mtu apate sekunde zake 20 kwa wakati wake. Seva isifunge kwa 20. Ifunge kwa 20 + 28 = 48, sema 50. Jibu sahihi lisitajwe hewani kabla ya sekunde hiyo ya 50. Hizo sekunde 30 mtangazaji anazijaza kwa mazungumzo na washiriki wa studio, na ziandikwe kwenye mpangilio wa kipindi tangu mwanzo.

Na tafadhali, zawadi isiende kwa aliyewahi. Mkizawadia kasi mnazawadia antena. Chagueni kwa kura ya nasibu kati ya waliopatia.

#6 Mpangaji_Mbarara
Hapo kwenye kasi mmeniokoa, rasimu yetu ilikuwa na "wa kwanza kujibu". Vipi kuhusu picha? Mchoraji anataka QR kwenye pembe ya chini kulia.

#7 Sebuleni
Pembe ya chini kulia ndiyo mbaya kuliko zote, na QR si ya kutegemea.

Kanuni ya wachoraji ni kwamba QR isomwe kutoka umbali usiozidi mara kumi ya upana wake. Mtu akikaa mita 3, QR inahitaji sentimita 30. Skrini ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi, ya inchi 24 kama 30. Hesabu inakuonyesha kwamba mtu atainuka na kusogelea TV na kuwaziba wenzake. Kama mnaiweka kwa ajili ya wenye simu janja, iwekeni kwa sekunde 30 katikati ya skrini wakati wa mapumziko, si wakati wa swali. Anwani iwe fupi na kwa herufi kubwa zote. QR ya toleo la 2, yenye miraba 25 kwa 25, inabeba herufi kubwa 38 kwa kiwango cha kati cha kusahihisha makosa, lakini herufi ndogo ni 26 tu. Kwenye picha ya mistari 576 mpe kila mraba angalau mistari 5. Pamoja na ukingo mweupe wa miraba 4 kila upande ni 33 × 5 = 165, karibu theluthi ya kimo. Chini ya hapo mbano wa picha unaichafua na kamera haisomi.

Misimbo ya USSD iandikwe kwa tarakimu kubwa. Mimi nisingeshuka chini ya mistari 28 kwa kimo cha tarakimu. Acheni asilimia 5 kila ukingo, yaani nukta 36 kushoto na kulia na mistari 29 juu na chini. Tena kuna TV za kichogo zenye umbo la 4:3, na king'amuzi kikikata picha pande mbili kinaondoa asilimia 12.5 kila upande. Msimbo ulioko pembeni umekwenda. Theluthi ya chini nayo hufunikwa na bango la king'amuzi kila mtu anapobadili chaneli, na ndio wakati huohuo mgeni anaingia kwenye kipindi chenu. Wekeni msimbo juu, katikati, na ukae hapo dirisha zima.

Majibu yatofautishwe kwa namba, si kwa rangi peke yake. Na mtangazaji autamke msimbo polepole mara mbili kwa kila swali, kwa ajili ya yule wa jikoni.

#8 Mtafiti_Gulu
Naomba nijibu sehemu ya utafiti, na nitakuwa mrefu kidogo.

Hatua ya kwanza msimwonyeshe mtu chochote. Nendeni mkae nyumbani mwa watu saa ya kipindi. Nyumba 8 hadi 12 zinatosha kuanzia, kila moja jioni mbili, zikiwa za aina tofauti: nyumba yenye sebule, chumba kimoja cha kupanga, duka lenye TV, kibanda. Jioni ya kwanza ni ya kuzoeana. Watu wanakaa vizuri kwa sababu kuna mgeni. Data yenu ni ya jioni ya pili. Kila dakika 5 jaza karatasi: nani yuko chumbani, nani ana rimoti, nani anaangalia skrini, nani yuko kwenye simu, maneno ni ya kipindi au ya mambo mengine. Andikeni pia umeme ulipokatika na kilichofuata. Wengine huhamia kwa jirani mwenye sola, na hilo linabadilisha kundi katikati ya kipindi.

Hatua ya pili ni mfano wa majaribio bila kujenga mfumo. Rekodini kipindi cha dakika 15, kichezeni kutoka kompyuta kwenda TV ya nyumba hiyo kwa HDMI. Tumieni OBS Studio (programu ya bure ya kuchanganya video), na michoro ya matokeo iwe ukurasa wa wavuti uliopachikwa juu ya picha. Washiriki wanatuma jibu kwa SMS kwenye namba ya kawaida, na mwenzenu aliyekaa chumba cha pili anasoma na kuandika hesabu kwa mkono kana kwamba ni mfumo. Kwa jinsi hiyo mnajua ndani ya wiki moja kama maelekezo yanaeleweka. Mkitaka kuweka michoro juu ya matangazo halisi, msitumie HDMI ya king'amuzi cha kulipia. Ina kinga ya HDCP inayozuia kunakili picha, na kifaa cha kunasa kitaonyesha giza. Chukueni king'amuzi cha bure na mtoe picha kwa waya za RCA.

Makundi yawe ya watu 3 hadi 5 wanaofahamiana. Wageni waliokusanywa ukumbini hawabishani, wanaheshimiana. Msiwaombe waseme kwa sauti wanachofikiri kama tunavyofanya kwa mtu mmoja, maana maneno yao wao kwa wao ndiyo data. Kinasa sauti kikae upande wa watu na kigeuzie mgongo TV, la sivyo mtapata sauti ya mtangazaji peke yake. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili kuoanisha sauti na video baadaye.

Mnapochambua, kila sentensi ipewe fungu moja kati ya matatu: ya swali lenyewe, ya namna ya kujibu ("bonyeza wapi?", "imeenda?"), au ya mengine. Fungu la pili likizidi la kwanza, muundo wenu unakula kipindi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko hojaji yoyote.

Hojaji ya SUS (System Usability Scale) mnaweza kuitumia, sentensi 10, alama 0 hadi 100, wastani unaotajwa sana ni 68. Ila nusu ya sentensi zake ni za kukanusha, na zikisomwa kwa mdomo kwa Luganda, Runyankole au Kiswahili mtu anakubali asichokusudia. Zitafsiriwe, kisha mtu mwingine azirudishe kwa Kiingereza bila kuona asili, mlinganishe. Na SUS inapima urahisi wa kutumia tu. Haiwaambii kama watu wamefurahi pamoja.

Gumzo la sauti kati ya nyumba mbili likija baadaye, jihadharini na tofauti ya muda kati yao. Kwa sauti jitahidini ibaki chini ya sekunde moja, kwa maandishi hata mbili watu wanavumilia. Ikizidi hapo mmoja anamharibia mwenzake jibu.

#9 Kijana_wa_Ntinda
Mwalimu, na gumzo tungeliweka kwenye Facebook tu? Watu wako huko.

#10 Mtafiti_Gulu
Hapana, mdogo wangu. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021, watu wanaingia kwa VPN, na mfumo wa kituo haufai kutegemea njia hiyo. Intaneti yenyewe ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, baada ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku, kuondolewa. Kila ushiriki unaodai bando unawapunguza washiriki. Angalia U-Report ya UNICEF iliyoanza hapa Uganda mwaka 2011: SMS, bure kwa anayetuma. WhatsApp inafaa kwa maoni ya maandishi na sauti fupi kabla ya kipindi, si kwa kura za mubashara.

#11 Mwanasheria_wa_Data
Kwa ufupi. Namba ya simu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2019, kwa hiyo jisajilini kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi kabla ya kuanza kukusanya. Utafiti wenye washiriki unahitaji kamati ya maadili na usajili UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Anzeni mapema kwa sababu ratiba ya kamati si yenu. Ridhaa ichukuliwe kwa kila aliye chumbani, si mwenye nyumba peke yake. Mtoto anaridhia yeye na mzazi wake, na mgeni akiingia katikati, simamisheni kurekodi mpaka aelezwe. Namba fupi na misimbo inapitia UCC (tume ya mawasiliano). Mkimtoza mtazamaji ada ya ziada na kutoa zawadi, mko jirani kabisa na bahati nasibu, basi ulizeni bodi ya michezo ya kubahatisha kwa maandishi.

Na kosa la kiufundi ambalo ni la kisheria pia: kuficha namba za simu kwa SHA-256 tupu (fomula ya wazi inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi) hakufichi kitu. Baada ya msimbo wa nchi, +256, namba zetu za simu zina tarakimu tisa, kompyuta ya kawaida inazijaribu zote kwa muda mfupi sana. Tumieni HMAC, yaani fomula ya aina hiyo lakini yenye ufunguo wa siri uliotunzwa mbali na kumbukumbu zenyewe.

#12 Kibanda_Arua
Salaam kutoka West Nile. Msisahau vibanda kwenye hesabu. Watu 60 ukumbini na simu moja ya mwenye kibanda, mfumo wenu unaona nyumba moja. Mpeni mwenye kibanda msimbo wake wa usajili na aruhusiwe kutuma idadi ya mikono: jibu la kwanza 14, la pili 40. Hesabu hiyo ionyeshwe kama mashindano ya vibanda, peke yake, isichanganywe na kura za nyumba, maana hakuna wa kuihakiki. Kibanda kinahitaji matokeo yake yatajwe kwa jina hewani. Bila hilo mwenye kibanda hana sababu ya kuacha mpira.

#13 Mpangaji_Mbarara
Hilo la vibanda tunalichukua lilivyo. La mwisho: maoni yanayosomwa hewani. Tuna mtu mmoja wa kuyachuja.

#14 AntenaKololo
Mmoja hatoshi. Wa kwanza anachuja yanayoingia, wa pili anaidhinisha yanayopanda kwenye skrini, na mtangazaji haoni foleni ghafi kabisa. Kila maoni yakatwe kwa herufi 90, yabebe jina moja na mahali, namba ya simu isionekane hata tarakimu zake za mwisho. Mkipokea simu za sauti wekeni kicheleweshi cha sekunde 7 na kitufe cha kukata mikononi mwa mtu asiye na kazi nyingine wakati huo. Sekunde hizo 7 zinaongezeka kwenye hesabu yangu ya juu, kwa hiyo dirisha la seva linakuwa 57, si 50. Sema 60.

Kabla ya kuruka, fanyeni jaribio la mzigo usiku wa manane: script itume maombi 100 kwa sekunde kwa dakika tatu kwenye seva yenu, halafu 200, mwone foleni inaanzia wapi. Kisha zimeni umeme wa kompyuta ya michoro kwa makusudi katikati ya kura. Kama mtangazaji hana karatasi yenye msimbo na maneno ya kusema wakati huo, hamjawa tayari.

#15 Lango_USSD
Na script hiyo ipime kwa laini halisi pia, angalau simu kumi za MTN na kumi za Airtel, nusu mjini, nusu nje ya mji kama Isingiro. Seva inaweza kuwa salama huku msimbo haufunguki kabisa kwenye mtandao mmoja, kwa sababu mtu alisahau kuuwasha upande wao. Hilo halionekani kwenye kumbukumbu zenu, kwa kuwa ombi halikuwahi kufika.

#16 Mpangaji_Mbarara
Asanteni sana. Nitaweka hapa karatasi ya uchunguzi ya Mtafiti_Gulu ikishatafsiriwa kwa Runyankole, na vipimo vya kuchelewa kwa kila king'amuzi. Mwenye dishi la Azam au StarTimes hapa Mbarara anayeweza kutusaidia kupiga zile picha zenye saa zote mbili pamoja, aniandikie.